Kanuni au hesabu zako? Jibu kwa anayebuni ndege ya kujijengea

Swali: Ninabuni ndege ya watu wawili ambayo nitaijenga mwenyewe. Sheria ya ndege za kujijengea hainilazimishi kufuata vipimo vya ndege za kiwandani, na vingi naona vilipangwa na watu wa ofisini kwa ajili ya ndege za zamani. Nimefanya uchambuzi wangu wa hatari na kuamua hivi: bawa dogo, ambalo kasi yake ya chini kabisa itakuwa kilometa 126 kwa saa, nikifidia kwa kiti na mikanda imara. Kizidisho cha usalama 1.25 badala ya 1.5, kwa sababu bawa nitalipima kwa mifuko ya mchanga. Injini ya gari yenye mifumo miwili ya kielektroniki ya kuwasha plagi. Na valvu ya kuchagua tangi nyuma ya kiti, ili petroli isipite mbele ya rubani. Nimekutumia vipimo, michoro na jedwali langu la uwezekano wa hitilafu. Kwa nini niamini kanuni kuliko hesabu zangu?

Jibu: Ndugu yangu, mapendekezo yako manne hayana uzito sawa. Moja nalikubali kwa sharti, moja nalikataa, moja umelikosea hesabu, na la mwisho limeshamuua mtu ambaye huenda umesikiliza nyimbo zake. Ila kabla ya hayo kuna dhana moja katika swali lako ambayo siwezi kuipita, kwamba serikali kazi yake ni kuweka kanuni na mjenzi ndiye anayepiga hesabu.

Chukua kiwango ambacho FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilikiweka katika mwongozo wake wa mifumo ya ndege ndogo za injini moja ya pistoni, zile zisizozidi kilo 2,700 hivi. Hitilafu ya kuangusha ndege isitokee zaidi ya mara moja katika saa milioni moja za kuruka. Namba hiyo haikuokotwa barabarani. Walitazama rekodi wakakuta kwamba katika hali ya kutoona vizuri nje, ndege za aina hiyo hupata ajali ya vifo takriban mara moja kila saa 10,000. Wakakadiria kuwa sehemu moja kati ya kumi ya ajali hizo chanzo chake ni mifumo ya ndege yenyewe. Hapo wakawa wamefika mara moja kwa saa 100,000. Kisha wakachukulia kwamba ndege ndogo ina hitilafu kama kumi zenye uwezo wa kuua, wakagawa tena kwa kumi. Basi. Ni hesabu inayoenea kwenye nusu ukurasa, na una haki ya kuibishia kila hatua. Lakini ni uchambuzi wa hatari kama wako, na mwenzako alikuwa na kitu ambacho wewe huna, yaani rekodi za maelfu ya ndege.

Wewe utakuwa na ndege moja. Marekani huitaka ndege mpya ya kujijengea iruke saa 40 za majaribio, au 25 ikiwa injini na propela yake ni jozi iliyoidhinishwa, na siku hizi inakubali pia mpango unaopimwa kwa kazi zilizokamilishwa badala ya saa. Tuseme umemaliza saa zote 40 na injini haijakohoa hata mara moja. Umethibitisha nini? Kitakwimu, kwa uhakika wa asilimia 95, unachoweza kudai ni kwamba injini hiyo haizimiki zaidi ya mara moja kila saa 13 hivi. Njia ya haraka ni kugawa 3 kwa idadi ya saa ulizoruka bila tukio. Ukitaka kuonyesha kwa njia hiyo kwamba haizimiki zaidi ya mara moja kwa saa 10,000, itakubidi uruke saa 30,000. Hakuna mjenzi wa nyumbani atakayefika huko. Kwa hiyo namba za uwezekano ulizoandika kwenye jedwali lako ama umezikopa kwa ndege za wengine, ama umezikisia. Kukopa hakuna ubaya wowote, mradi ujue umekopa kwa nani na ndege yake inafanana na yako kwa kiasi gani.

Sasa bawa lako dogo. Hili ndilo ninaloweza kulikubali, na utashangaa kusikia kwamba kanuni nazo zililikubali. Kwa miaka mingi Sehemu ya 23 ya kanuni za Marekani, ile ya ndege ndogo za kiwandani, iliitaka ndege ya injini moja ishuke hadi kilometa 113 kwa saa (noti 61 kwa lugha ya marubani) bila mabawa kuacha kuibeba. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: injini ikiwa moja, siku moja utatua shambani, na nguvu ya kishindo hupanda kwa mraba wa kasi. Lakini kabla kanuni hizo hazijaandikwa upya mwaka 2017, zilikuwa tayari na mlango wa pembeni. Aliyetaka kasi kubwa zaidi aliruhusiwa, kwa sharti kwamba uimara wa viti, mikanda na mahali vinapofungwa uongezwe kwa mraba wa uwiano wa kasi hizo mbili. Kwako, 126 kwa 113, ukipiga mraba, ni 1.24. Kiti kilichopaswa kuhimili g 9 kwenda mbele, yaani nguvu mara tisa ya uzito wa kinachobebwa, kinapaswa kuhimili g 11.2. Ulichokibuni kama uasi kimo ndani ya kanuni, na fomula yake juu. Na mwaka 2017 vipimo vingi vya aina hiyo viliondolewa, kanuni zikabaki kueleza matokeo yanayotakiwa, na njia za kuyafikia zikaachiwa viwango vinavyokubaliwa na wataalamu wa sekta. Serikali yenyewe imekusogelea.

Sharti langu nitalifikia nikizungumzia injini.

Kizidisho cha 1.25 nakikataa, na hapa ningeomba unifuate polepole, maana ndipo hesabu zinapovutia zaidi. Maana ya 1.5 ni kwamba mzigo mkubwa kabisa unaotarajia ndege ikutane nao maishani mwake unauzidisha kwa moja na nusu, na muundo usivunjike chini ya hapo. Wewe umechagua g 3.8 kama mzigo wa juu unaotarajiwa, kwa hiyo muundo uvunjike si chini ya g 5.7. Kwa 1.25 unashuka hadi 4.75. Hoja yako ni kwamba kizidisho ni cha kufunika ujinga, na wewe ujinga huo umeuondoa kwa kipimo cha mchanga.

Mchanga unakuambia nguvu ya bawa moja, siku moja, kwenye joto la karakana. Kuhusu mzigo wenyewe haukuambii lolote. Nimechukua vipimo ulivyonitumia: kilo 820 ikiwa imejaa, mita za mraba 6.7 za bawa, kilometa 333 kwa saa. Nimeviingiza kwenye fomula ya kawaida ya mkupuo wa upepo, ule wa kupanda ghafla kwa mita 15 kwa sekunde ambao kanuni za zamani ziliutumia kwa kasi ya safari. Ndege ikiwa imejaa, inapata g 3.7. Safi, umo ndani ya 3.8. Bawa dogo limekusaidia, kwa sababu bawa lenye mzigo mzito kwa kila mita ya mraba halirushwi sana na upepo. Sasa mteremshe abiria, choma petroli, ndege ibaki na kilo 590. Mkupuo uleule, kasi ileile, g 4.6.

Bawa lenyewe halitajali sana, maana g zimepanda lakini uzito unaobebwa umepungua, na ukizidisha hivyo viwili unapata mzigo mdogo kidogo kuliko ule wa kwanza. Kinachoteseka ni vile visivyopungua uzito: injini kwenye fremu yake, betri kwenye trei yake, wewe kwenye kiti chako. Hivyo vinakutana na g 4.6, na wewe umevibuni vivunjike kwenye 4.75. Umebakiwa na asilimia tatu. Ndani ya asilimia hizo tatu umeweka kulehemu kwako, kutu, mtikisiko wa miaka, na siku ambayo upepo hautakuwa umesoma fomula.

Kuna la pili, na hili ni la nyenzo yenyewe. Kama nguzo ya bawa ni ya alumini ya 2024-T3, ambayo ni ya kawaida sana kwenye ndege hizi, thamani zake za kawaida ni megapaskali 483 hadi kukatika na kama 345 hadi kuanza kupinda pasipo kurudi. Gawa 483 kwa 1.5 unapata 322, chini ya 345. Ndege ikifika kwenye mzigo wake wa juu inarudi kama ilivyokuwa. Gawa kwa 1.25 unapata 386. Umepita. Bawa lako halitavunjika kwenye g 3.8, ila litatua likiwa limepinda, na safari inayofuata utakuwa unarusha bawa ambalo hukulichora. Kama ni la fiberglasi na epoksi, mambo ni mengine lakini si mepesi zaidi: nyenzo hiyo haina kupinda kwa kukuonya, na epoksi nyingi za kukauka kwenye joto la kawaida hulegea ndege ikianikwa juani, ndiyo maana ndege hizo karibu zote hupakwa rangi nyeupe.

Na umeokoa nini? Sehemu nyingi za ndege ndogo hazipangwi na nguvu. Ngozi ya nusu milimita iko hapo kwa sababu nyembamba zaidi ya hiyo inabonyea ukiigusa kwa kiwiko. Kizidisho kinagusa nguzo, viungo na boliti chache. Ni kilo chache tu, ambazo ungezipata kwa urahisi zaidi kwenye viti na rangi.

Ripoti ya mwaka 2012 ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliyozitazama ndege za kujijengea peke yake, ilisema kwamba kuvunjika kwa muundo si jambo la kawaida katika ajali hizo. Wapo wanaousoma mstari huo kama ruhusa ya kupunguza. Mimi nausoma kinyume: wajenzi wengi wamekishika kizidisho cha zamani, na mabawa yamebaki mahali pake. Kilichoongoza katika ripoti hiyo, kwa umbali mkubwa, kilikuwa ni injini kukosa nguvu na rubani kupoteza udhibiti hewani. Huko ndiko ningependa upeleke muda wako wa uchambuzi.

Kwa hiyo tuingie kwenye injini. Umeandika kwamba mfumo mmoja wa kuwasha plagi unaweza kufa mara moja kwa saa 1,000, kwa hiyo miwili pamoja ni mara moja kwa saa milioni moja, na ukafurahi kwamba umekutana na kiwango cha FAA. Kuzidisha namna hiyo kunaruhusiwa pale tu ambapo kufa kwa mmoja hakuhusiani kabisa na kufa kwa mwingine. Kwenye mchoro wako mifumo yote miwili inapata umeme kwenye betri moja, kupitia rilei moja (swichi inayoendeshwa na umeme), na waya zake za kurudisha umeme zimefungwa kwenye boliti moja ya fremu. Tuseme boliti hiyo, rilei hiyo na betri hiyo kwa pamoja zinaleta hitilafu mara moja kwa saa 10,000, na hapo nimekuwa mkarimu. Hiyo ndiyo namba yako. Ile milioni imefutika, na hata ukiongeza mfumo wa tatu na wa nne itabaki saa 10,000.

Magneto, vile vifaa vya zamani vya kuwasha plagi tunavyovicheka kwa uzito wake, zilikuwa na sifa hii: kila moja inajizalishia umeme wake kwa kuzungushwa na injini. Unaweza kuchomoa betri angani na plagi zikaendelea kuwaka. Anayeziacha hana budi kuutafuta uhuru huo kwa njia nyingine: betri ya pili yenye swichi yake, waya wa kurudisha umeme wake, na njia isiyopita kwenye rilei kuu. Na usiishie kwenye plagi. Injini yako inapulizia petroli kwa pampu ya umeme. Umeweka pampu mbili, vizuri sana, ila zote zinanyonya kwenye chujio kimoja.

Ndipo linapokuja sharti langu juu ya bawa. Ile kilometa 113 iliwekwa kwa kuchukulia kwamba injini nayo imepita kwenye vipimo vyake. Wewe umechagua kutua kwa kishindo kikubwa zaidi, na papo hapo umechagua injini ambayo huenda ikakulazimisha kutua mara nyingi zaidi. Ulivichambua kila kimoja peke yake, kila kimoja kikaonekana kinavumilika. Lakini hatari ni zao la viwili hivyo, na umechota mfuko uleule mara mbili. Kanuni zina udhaifu mwingi, ila zimefungamana: kila namba inazitegemea jirani zake. Ukiing'oa moja, hesabu za zile zilizobaki zinakuwa juu yako.

Tuje kwenye valvu. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alianguka na ndege yake ndogo baharini karibu na Pacific Grove, California. Ilikuwa Long-EZ, ndege ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan, na Denver alikuwa ameinunua karibuni ikiwa imeshatumika. Michoro ya Rutan iliweka valvu ya kuchagua tangi mbele, katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Sababu yake? Hakutaka petroli ndani ya chumba cha rubani. Ni karibu sababu yako hiyohiyo.

Wachunguzi walipojaribu kuifikia valvu hiyo wakiwa wameketi, walikuta kwamba rubani anapaswa kuachia usukani ulio upande wa kulia, ajigeuze kushoto, apeleke mkono nyuma ya bega. Na mwili unapojigeuza hivyo, mguu wa kulia hujikaza kutafuta mahali pa kuegemea, na mahali pa karibu ni pedeli ya usukani wa mkia. Kabla ya kuruka siku ile Denver na fundi mmoja walilizungumzia tatizo hilo, wakajaribu kuurefusha mpini kwa koleo la kubana, ikashindikana. Alipewa kioo ili aweze kuona vipimo vya petroli vilivyokuwa nyuma yake. Alisema angeuachia mfumo wa ndege kujiendesha ushike ndege wakati yeye anageuza valvu. NTSB ilitaja kuondolewa kwa umakini wake na kukanyagwa kwa pedeli bila kukusudia, pamoja na kutojaza petroli kabla ya kuruka. Mahali pa valvu na kukosa alama viliandikwa kama mambo yaliyochangia.

Mjenzi yule hakuwa mzembe. Alichambua hatari moja, ya moto, akaipunguza kweli. Hakuketi kwenye kiti akiwa amefunga mikanda ili aone ameleta ipi badala yake. Kanuni za ndege za kiwandani zilidai rubani aione na aifikie valvu hiyo bila kusogeza kiti wala usukani, na anayesoma sharti hilo bila kujua kisa kama hiki ataliona la kiofisi kweli. Lako lina suluhisho la kati: valvu ibaki nyuma ya ukuta, mpini uwe mbele ya goti lako, fimbo ya kuzungusha iunganishe viwili hivyo. Petroli haiingii chumbani na mkono hauendi mgongoni. Jenga kwanza chumba cha mbao za bei rahisi, kaa ndani, funga mikanda hadi ibane, fumba macho, na utafute kila mpini. Kazi hiyo ya jioni moja itakufundisha kuliko jedwali lolote.

Umeandika mahali kwamba hatari ni yako mwenyewe, kwa hiyo kipimo nacho ni chako. Kwa kiti cha kwanza nakubaliana nawe. Kiti cha pili kina mtu ambaye hajaona jedwali lako. Ndiyo maana Marekani inalazimisha ndege hizi zibandike tangazo mbele ya abiria kwamba ndege haikutimiza kanuni za usalama za ndege za kawaida. Na yupo wa tatu ambaye humfikirii kabisa: mnunuzi. Zaidi ya nusu ya ajali za ndege za kujijengea ambazo NTSB ilizichunguza kwa mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Sababu za bawa lako dogo, kiti chako cha g 11.2 na betri yako ya pili zimo kichwani mwako. Ziandike, kila moja na ukurasa wake: kanuni ilikuwa inazuia nini, umeweka nini badala yake, na nani mwingine ameipitia hesabu. Kurasa hizo zikae pamoja na kumbukumbu za ndege. Utakapokwama kujaza ukurasa mmoja, hapo rudi kwenye namba ya kanuni.

Kwa sasa usikate alumini yoyote. Nitumie mchoro wa nyaya ukiwa kamili, hadi boliti ya mwisho inayorudisha umeme, na mchoro wa petroli kuanzia tangi hadi injini. Bawa tutalimaliza baada ya hapo, maana siwezi kukuambia kama kilometa 126 ni nyingi mno kabla sijajua ni mara ngapi injini hiyo inaweza kukulazimisha utue nazo.